Siku Ambazo Dohani Haikuonekana

Jumatatu, 3 Machi

Ndege ya asubuhi imefika juu yetu, imezunguka, imerudi ilikotoka. Mara ya ngapi hii! Abiria wetu wamebaki kwenye mabenchi na mabegi yao, wakinitazama kama vile mimi ndiye niliyepika hali ya hewa jikoni kwangu.

Wanasema ni ukungu. Si ukungu. Ukungu ni maji, huu ni utusitusi – hewa kavu iliyojaa chumvi ya bahari, vumbi na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Nimeshawaeleza. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wanasema: huu ukungu utaisha lini, Mzee?

Nimechoka. Magoti yalitangulia kuchoka. Ngazi ya kupandia paani haijaongezwa hata kipandio kimoja tangu nianze kazi, lakini mimi naapa inarefushwa kila mwaka.

Uwanja wetu ni mdogo, hauna mitambo ya kumwongoza rubani ndani ya wingu. Hapa rubani anatua kwa macho. Na chombo chetu cha kupima umbali wa kuona kilikufa zamani, kipuri chake "kiko njiani" mpaka leo. Basi chombo ni mimi. Napanda paani, natazama alama zangu. Tangi la maji, karibu. Dohani ya kiwanda cha saruji, lile bomba refu la moshi, ng'ambo ya ghuba. Na mbali kabisa, rasi. Rasi ikionekana, siku ni njema. Dohani ikionekana, ndege inatua. Isipoonekana, haitui. Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri.

Leo haikuonekana. Nikasema hivyo redioni.

Rubani alikuwa Kikohozi. Ana jina lake la kuzaliwa, lakini hapa kituoni hatulitumii. Hawezi kutamka neno redioni kabla hajakohoa. Akakohoa. Sawa, Mzee, tunarudi. Kwa adabu zake zote. Ila nilisikia uchovu ndani ya sauti, naye bila shaka aliusikia wangu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya usiku. Asubuhi nimekwenda kukagua njia ya kurukia pamoja na Kamanda, mkuu wetu wa zimamoto. Ana gari moja na vijana wawili, basi tukampa cheo.

Lami ya upande wa bahari imebonyea kidogo, maji yanakaa. Nashuka na rula, napima, namwandikia rubani: lowevu, madimbwi upande wa mashariki, breki za wastani. Maji mengi chini ya tairi yanaiinua ndege ikateleza kama sabuni. Kamanda ameshasikia maelezo haya pengine mara mia. Anayasikiliza upya kila mara, Mungu ambariki.

Tukiwa tunarudi alikanyaga breki ghafla, kichwa changu nusura kigonge kioo.

Bati! Bati zima la paa la mtu, limeletwa na upepo, limelala katikati ya njia.

– Mzee, hukuliona?

Nikasema nimeliona.

– Ulikuwa unangoja litupishe?

Tukacheka. Tumelitoa wote wawili. Nilikuwa nimeinamia karatasi zangu, ndiyo maana.

Hapana. Sikuwa nimeinama. Sijui nilikuwa natazama nini.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Meneja ametuita wote kwenye ukumbi wa abiria: Kamanda na vijana wake, wapakia mizigo, Mama Chai wa mgahawa, mimi. Meneja ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, na anajua kazi. Leo uso ulikuwa umemshuka.

Kampuni ya ndege imempigia simu. Ndege ya asubuhi ikiendelea kurudishwa hivi, mwisho wa mwezi wanaiondoa. Na sisi ndege yetu ya abiria ni hiyo moja tu! Ikiondoka, kinachobaki ni nyasi na mbwa.

Mama Chai akauliza atamuuzia nani chai, mbwa? Hakuna aliyecheka vizuri.

Kisha wote wakanigeukia. Si kwa lawama. Kama mgonjwa anavyomgeukia daktari. Nikasimama nikawaeleza: msimu huu upepo ni mdogo, hewa ya baridi inakaa chini na ya joto juu yake kama kifuniko cha sufuria, na vumbi la kiwanda na chumvi vinabaki humohumo ndani. Nikachora ubaoni.

– Darasa limeanza, nilimsikia Mama Chai akimnong'oneza Kamanda. Leta daftari.

Lakini walisikiliza. Meneja akasema angalau, Mzee wangu, tunajua ni jambo la Mungu na si uzembe wa mtu.

Nilirudi mezani kwangu nikiwa na furaha kidogo. Naiandika kwa sababu siku za namna hii ni chache.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Nimebadilisha balbu ya sebuleni, ile ya zamani ilikuwa imefifia. Hii mpya nayo hafifu. Siku hizi viwanda vinatengeneza takataka.

Mke wangu alikuwa anashona pindo la pazia. Desturi yetu tangu macho yake yapungue: ananipa sindano, namtungia uzi. Leo uzi uligoma. Nikaulamba, nikausokota, nikajaribu tena. Akaichukua sindano mkononi mwangu polepole, akaiweka karibu na dirisha, akatunga mwenyewe. Mara moja!

– Na hiyo balbu, akasema bila kuinua kichwa, ni ya tatu mwezi huu.

– Ni mbovu.

– Mimi naona vizuri tu. Au ukungu wako umekufuata mpaka nyumbani?

Nikamwambia si ukungu, ni utusitusi. Akasema haya, mwalimu. Akaendelea kushona.

Jumatatu, 10 Machi

Imerudishwa tena. Safari hii Kikohozi hakukubali haraka. Alikohoa, akasema: Mzee, mimi huku juu naiona njia yote, naona gari jekundu la Kamanda, nikikaza macho namwona Mama Chai anavyopunguza sukari. Huo ukungu mmeuficha wapi?

Nikamweleza. Ukitazama chini kutoka juu, unapenya tabaka jembamba tu, kama kutazama sakafu ya beseni la maji machafu ukiwa umesimama wima juu yake. Ukishuka, unatazama kwa ubavu, unapita katika uchafu wote kwa urefu wake. Marubani wengi wamedanganyika hivyo: njia waliyoiona kutoka juu imewapotea walipokaribia ardhi. Hili ni kweli kabisa, liko vitabuni.

Kisha kikohozi. Akasema mimi nakuamini wewe kuliko macho yangu, Mzee. Akageuza.

Maneno hayo nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mvua kubwa tangu alfajiri, halafu ikakatika, halafu upepo. Upepo hasa! Mfuko wa upepo pale ukingoni umenyooka kama mkono wa mtu anayeonyesha njia. Nikapanda paani. Nilikuwa na hakika leo dohani itaonekana, na rasi nyuma yake, hata miti juu ya rasi. Mvua huosha hewa. Inaliteremsha vumbi lote. Na upepo wa namna ile hauruhusu utusitusi ukae, unaupeperusha wote. Haya nimewafundisha vijana miaka na miaka.

Maziwa. Nilichoona ni maziwa yale yale.

Nikasubiri. Nikafuta miwani kwa shati. Maziwa. Nikarudi chini nikatazama vipimo: hewa kavu, kipimo cha umande kiko mbali na cha joto, na vikiachana hivyo ukungu haupo. Hapakuwa na sababu hata moja ya kuwa na kitu hewani.

Nikapanda tena. Nikafumba jicho la kulia: ukuta mweupe. Nikafumba la kushoto: ukuta mweupe, mwembamba kidogo, na tangi la maji ndani yake kama kivuli cha kikombe.

Nikakaa juu ya saruji yenye maji, suruali ikalowa.

Basi ndivyo. Haukuwa hewani. Ulikuwa humu. Ndege zote zile, mabenchi yale, mbao na michoro yangu na kifuniko cha sufuria! Nimesimama mbele ya watu wale nikawaeleza kitaalamu ugonjwa wa macho yangu kwa jina la hali ya hewa.

Ndege ya leo ilifutwa tangu ilikotoka, ina tatizo la injini. Sikulazimika kusema kitu. Sijui kama nishukuru.

Ijumaa, 14 Machi

Sijamwambia mtu.

Niandike sababu, nizitazame kama zina uzito. Kanuni inasema: hakuna mtazamaji, hakuna ndege ya abiria. Mtazamaji mwenye kibali hapa ni mmoja. Nikisema leo siwezi kuona, uwanja unafungwa kwa abiria leo hii, mpaka waniletee mbadala, na mbadala wa kituo kama hiki ni kama kile kipuri. Kampuni haitangoja. Kamanda, Mama Chai, wapakia mizigo, Meneja – wote watakwenda nyumbani kwa sababu nimesema ukweli. Nisiposema, na nikaendelea kuwarudisha marubani, watakwenda nyumbani vilevile.

Hizo ndizo sababu nzuri. Iko nyingine ambayo si nzuri: sitaki.

Jumanne, 18 Machi

Ndege imetua. Jana imetua, leo imetua!

Nimepata njia. Naitazama mashine ya joto na umande: vikiwa mbalimbali, hakuna ukungu. Nasikiliza upepo. Halafu namuuliza Kamanda, kama mtu anayepiga soga tu: kiwanda leo kinafanya kazi? Anatazama upande ule, anasema naam, moshi umelala upande wa bandari. Ahaa, nasema. Akiuona moshi, ameiona dohani. Nashuka nasema redioni: umbali mzuri.

Naazima macho ya watu bila wao kujua. Mama Chai naye nimemuuliza kama nguo zake alizoanika ng'ambo ya uwanja zimekauka, akaniambia anaziona kutoka dirishani. Akaongeza: tangu lini unajali nguo zangu, mzee wa watu una mke!

Wote wana furaha. Meneja amenishika mikono miwili, ati utusitusi umeisha kama nilivyosema. Mimi sikusema utaisha. Kamanda amenunua maandazi kwa kila mtu.

Nimekula.

Jumatano, 19 Machi

Leo chai niliimimina nje ya kikombe. Haikumwagika kidogo, niliimimina kwa utulivu kabisa pembeni ya kikombe, mpaka ikafika kwenye goti la mke wangu.

Hakupiga kelele. Alifuta, akakaa mbele yangu, akanishika kidevu akanigeuzia dirishani kama anavyomkagua mtoto masikio.

– Ni mtoto wa jicho, mume wangu. Naliona doa lake tangu msimu uliopita. Kaka yangu alikuwa nalo hivihivi.

– Mbona hukusema?

– Nilikuwa nangoja useme wewe.

Akasema kaka yake hospitali walimwondolea asubuhi, jioni alikuwa analalamika kwamba nyumba yake ni chafu. Nikamweleza juu ya kanuni, na kampuni, na mwisho wa mwezi. Nikamweleza vizuri, hatua kwa hatua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: hao walio ndani ya ndege, wanajua kwamba wanaongozwa na nguo za Mama Chai?

Akasema nikamwone daktari. Nikasema mwezi ukiisha. Akanyanyuka akaenda kuosha vikombe, akiviweka kwa kishindo.

Ijumaa, 21 Machi

Niko paani. Naandika hapahapa, redio ya mkononi kando yangu, daftari juu ya goti, ili mkono upate kazi ya kufanya.

Upepo umekufa tangu alfajiri. Joto na umande vimekaribiana mpaka vinagusana – hiyo ndiyo dalili yenyewe ya ukungu, ukungu wa kweli, wa maji. Lakini dalili si ukungu. Kuna siku vinagusana na hewa inabaki safi. Mashine inaniambia unaweza kuwepo. Kama upo, hilo huonekana kwa macho tu.

Na mimi naona maziwa. Kama jana, kama juzi.

Ndege imeshafika. Ndani yake yumo mkubwa wa kampuni, anakuja kuutazama uwanja kwa macho yake ndipo aamue kama ndege ya asubuhi ibaki. Meneja amevaa sketi mpya. Amepanda ngazi na viatu vya kisigino, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasimama kando yangu.

Kikohozi amekohoa. Kituo, habari za asubuhi, naomba hali ya njia na umbali wa kuona.

Nikampa hali ya njia: kavu, safi, nimeipita mwenyewe na Kamanda, na leo nilishuka nikaikagua kwa miguu. Umbali – nikamwambia zunguka juu ya bahari kwanza, nitakupa.

Sawa, Mzee. Nina mafuta ya kuzunguka kidogo.

Kamanda hayupo hapa chini leo, ambako huwa namuuliza habari za moshi. Yuko mwisho wa njia, upande wa bahari, na vijana wake wanafagia mchanga. Nikamgeukia Meneja.

– Mwanangu, dohani unaiona?

Akacheka kidogo.

– Si wewe ndiye unayetuambia, Mzee wangu?

– Leo niambie wewe.

Akakaza macho. Alitaka sana kuiona, maskini. Ningeweza kuusikia moyo wake.

– Naiona! Ile pale!

Akanyoosha mkono. Kuiona siioni, lakini dohani ile naijua ilipo hata nikifungwa kitambaa: unasimama kwenye pembe hii ya paa, mlingoti wa bendera kushoto kwako, upana wa kiganja kuelekea kulia. Yeye alinyooshea kushoto kwa mlingoti. Kule hakuna kitu ila maji.

Nikamtazama. Akaushusha mkono.

– Nilidhani, akasema. Mzee, sema tu inaonekana. Tafadhali. Rubani mwenyewe si anaona kutoka juu?

Kutoka juu. Beseni la maji machafu. Mimi ndiye niliyelieleza.

Kikohozi akakohoa tena. Kituo, mkubwa hapa nyuma ananiuliza kama tunatua au tunatalii.

Redio zetu zote ziko kwenye masafa mamoja. Ninachomwambia Kamanda anakisikia rubani, na leo bila shaka anakisikia na mkubwa wa kampuni. Njia ya kuuliza habari za moshi kama mtu anayepiga soga ilikuwepo. Niliitafuta mdomoni, nayo ilikuja, tayari, laini. Nikaisikia sauti ya mke wangu na vikombe vyake.

Nikabonyeza kitufe.

– Kamanda. Dohani ya kiwanda, unaiona?

Mkwaruzo. Kisha sauti yake, kubwa, ya mshangao, kwa kila mtu angani na ardhini:

– Mzee, kwani wewe huioni?

Ningeweza bado kusema jua liko machoni. Jua lenyewe halipo.

Nikasema: Siioni. Si leo tu. Siku nyingi siioni, na zile siku nilizosema kuna utusitusi zitazameni upya. Macho yangu hayafai. Yako yanafaa. Panda juu ya gari lako, tazama upande wa kiwanda, tangaza unachokiona, si unachokitaka. Hapa kituo, nasubiri.

Meneja ameketi sakafuni, na sketi yake mpya. Ameweka mkono wake juu ya kiatu changu, sijui kama anajua.

Namsikia Kamanda akipanda, buti zinagonga mabati ya gari. Hazina haraka. Anapanda kama mtu anayejua kwamba atakachosema ndicho kitakachofuatwa.

Naisikia na injini, juu ya bahari, inazunguka. Siioni.

Redioni Kikohozi amekohoa. Amebonyeza kitufe chake, nasikia mvumo wa chumba chake cha rubani.

Bado hajasema neno.